Mmempangia Mjomba Bila Kumuuliza Mjomba

Kabla sijaandika hata mstari mmoja nilimpigia simu mjomba wangu kumwomba ruhusa. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba, nataka kuandika habari zako kwenye ukurasa wa vijana wa chama." Akaitikia marahaba, akacheka, akauliza kama watu watasoma kweli. Nikasema watasoma. Akanyamaza kidogo, kisha kasema: "Andika. Jina langu usitaje. Ila sema mimi ni mvuvi. Hospitali wameandika mgonjwa, hamna mahali wameandika mvuvi."

Basi makamanda, mjomba wangu ni mvuvi. Nyumbani ni Dimani, wilaya ya Kibiti, na akienda kazini anashuka delta ya Rufiji na wenzake, wanapiga kambi ya dago, wanakaa hadi maji yanapokataa. Anajua kushona wavu kuliko wengi wa rika lake. Na ana ugonjwa wa akili, huu ni mwaka wa tisa. Hayo mawili yote ni kweli kwa wakati mmoja, lakini mfumo wetu wa afya umechagua kuona moja tu.

Nawaeleza ilivyokuwa. Miaka mitatu iliyopita alizidiwa. Hakulala siku kadhaa, akaanza kugombana na watu ambao sisi hatuwaoni. Majirani wakamfunga kwa kamba, kamba ileile ya kazini kwake, wakampakia kwenye bodaboda katikati ya wanaume wawili. Bibi yangu, mama yake mzazi, akafuata nyuma na bodaboda ya pili, mkononi ana mfuko wenye kanga, maji na elfu kumi. Walifika kituo kimoja ambacho sitakitaja, kwa sababu hadithi hii ingeweza kutokea kwenye kituo chochote mnachokijua ninyi. Mjomba aliingizwa ndani. Bibi akaambiwa, "Mleta mgonjwa, subiri nje."

Akasubiri nje. Huyo mwanamke ndiye aliyekaa na mgonjwa miaka yote. Anajua kwamba ugonjwa hauanzi siku ya kelele, unaanza wiki mbili kabla. Kwanza mjomba anaacha kula usiku. Halafu anaamka saa nane kufagia uwanja. Halafu anaanza kumtaja marehemu kaka yake kama mtu aliyeko safarini. Ukimwahi kwenye ule ufagio, mnamaliza mambo nyumbani kwa utulivu. Ukichelewa, ndo kamba. Taarifa hii hamna faili linayo. Iko kwenye kichwa cha mzee aliyekaa kwenye benchi nje, na hakuna aliyetoka kumuuliza.

Mjomba alitoka na kadi yenye tarehe. Kila baada ya wiki nne, sindano. Huo ndio ulikuwa mpango wa matibabu, wote, umekamilika, umeandikwa na watu ambao hawajui anafanya kazi gani, anaishi na nani, wala anafikaje pale.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Sindano ilimtuliza kweli, sauti zikapungua. Mimi sipingi dawa, na anayesema wagonjwa wa akili waachwe bila dawa hajawahi kuona mtu wake akifungwa kamba. Lakini ile dawa ilimwachia mikono inayotetemeka. Taya likawa zito, udenda ukawa unamtoka mbele za watu. Mtu ambaye heshima yake yote iko kwenye vidole akawa hawezi kupitisha uzi kwenye tundu la wavu. Wenzake dagoni hawakumsema vibaya, walimpa tu kazi ya kupika na kulinda ngalawa. Kwa mwanaume mzima aliyekuwa nahodha, hiyo ni hukumu.

Halafu kuna suala la tarehe. Hospitali inahesabu kalenda, mvuvi anahesabu mwezi wa angani. Bamvua likija ndo kazi, maji mafu yakija ndo kupumzika na kurudi nyumbani. Tarehe ya sindano ikaangukia katikati ya kazi. Afanyeje? Aache msimu, apoteze fungu lake, alipe nauli ya kwenda na kurudi, ili achomwe kitu kitakachomtetemesha mikono? Akaacha kwenda. Mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu bibi akasikia ufagio saa nane za usiku.

Aliporudishwa kituoni, nilikuwepo. Nilisoma kilichoandikwa kwenye karatasi yake, kwamba mgonjwa ni mkaidi wa dawa.

Mkaidi! Mtu hajaulizwa swali hata moja, halafu anaitwa mkaidi. Kuna vidonge vya kupunguza kule kutetemeka, tena si dawa za ajabu, na alivipata siku hiyo kwa sababu mimi nilibishana dirishani. Na sindano ya wiki nne na mwezi wa angani wa siku ishirini na tisa na ushee vinakaribiana kiasi kwamba tarehe ingeweza kupangwa iangukie maji mafu, kama mtaalamu angeona siku moja mbili hazina madhara. Ni yeye ajuaye hilo, si mimi. Lakini ili ajue inabidi aulize. "Mzee, unafanya kazi gani?" Maneno manne tu. Yangeokoa wavu, nauli, kamba na aibu.

Wengine mtasema hii ni habari ya familia yako, siasa iko wapi hapa? Siasa ndo hiyohiyo. Chama chetu kinapigania nini kila siku? Kwamba wananchi wasipangiwe maisha yao na watu wa ofisini wasiowauliza. Tunapiga kelele juu ya bajeti, juu ya mipaka ya hifadhi, juu ya tozo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 21(2), inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika uamuzi wa mambo yanayomhusu yeye na maisha yake. Someni tena hapo, haikuishia kwenye mambo ya Taifa. Imetaja yeye na maisha yake. Na haikuweka koma ikasema isipokuwa mwenye ugonjwa wa akili. Sasa kama kuna uamuzi unaomhusu mtu kuliko ule wa kitu gani kiingizwe mwilini mwake kila mwezi, niambieni ni upi.

Tuje kwenye sheria yenyewe. Nchi hii ina Sheria ya Afya ya Akili, Namba 21 ya mwaka 2008. Darasani tunafundishwa kwamba ukitaka kujua sheria ilikuwa inawaza nini, anza na lile jina lake refu la mwanzoni. La sheria hii linataja matunzo, ulinzi na usimamizi wa watu wenye matatizo ya akili, kisha kulazwa kwao kwa hiari au bila hiari. Tazameni vitenzi. Anatunzwa. Analindwa. Anasimamiwa. Analazwa. Kila kitu mjomba anafanyiwa, hamna hata kimoja anachofanya yeye. Neno kushiriki halikupata nafasi. Sheria imeshughulika na namna ya kumwingiza mtu wodini na namna ya kusimamia mali zake. Bibi na benchi lake hawamo kwenye picha hiyo.

Ajabu ni kwamba mwaka uliofuata, Novemba 2009, Tanzania hiyohiyo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Mkataba ule unawahesabu pia wenye ulemavu wa muda mrefu unaotokana na akili. Ibara ya 4 inazitaka serikali zishauriane kwa karibu na watu wenyewe zinapotunga sheria na sera zinazowagusa. Ibara ya 25 inataka huduma za afya zitolewe kwa ridhaa ya mtu aliyeelezwa akaelewa. Tumesaini, tumeridhia, tumepiga picha. Sheria ya 2008 imebaki na vitenzi vyake vilevile.

Jirani zetu wamesogea. Juni 2022 Kenya ilirekebisha Sheria yake ya Afya ya Akili, ikaandika wazi haki za mgonjwa, ikiwemo kushiriki kupanga matibabu yake mwenyewe au kupitia mwakilishi wake. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikasema kifungu kinachomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinakwenda kinyume na Katiba yao. Sisi huku kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinasema kujaribu kujiua ni kosa. Mnajua maana yake kwa mlezi? Maana yake mama anafika hospitali na mwanawe aliyekunywa sumu, anasema alikosea chupa. Anaogopa polisi. Daktari anatibu sumu, anaruhusu mgonjwa, na lile jambo lililomfikisha pale halijasemwa na yeyote. Huwezi kupanga matibabu na mtu ambaye sheria imemfundisha kukudanganya.

Na mimi nazungumzia Kibiti, sio mahali pengine. Watu wetu walipita mwaka 2017. Viongozi wa vijiji waliuawa majumbani mwao, Aprili 13 mwaka ule askari polisi wanane waliuawa siku moja, na operesheni zikafuata. Novemba 21, 2017, mwandishi wa habari Azory Gwanda alichukuliwa hapahapa Kibiti na mpaka leo familia yake haijapewa jibu linaloeleweka. Zipo familia ambazo hazijui zivae kaniki ya msiba au ziendelee kuweka sahani. Halafu Aprili 2024 mafuriko yakala mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Sisi na serikali tukabishana kama ni maji ya mvua au ya Bwawa la Julius Nyerere. Ubishi ule ulikuwa wa lazima, na mimi nilikuwemo. Lakini katika ubishi wote ule, upande wao na upande wetu, sikusikia mtu akiuliza wanalala vipi watu waliopitia yote mawili. Kwetu walikuja kuhesabu nyumba na magunia, na ni sawa wahesabu. Wa kukaa na mama akamuuliza tangu mwaka ule umekuwaje, huyo hakuja.

Najua majibu ya wakubwa, nimeshayasikia.

La kwanza: mgonjwa wa akili hajitambui, atashirikije? Jamani, mjomba wangu anaumwa siku chache kwa mwaka. Siku zilizobaki anajadili bei ya kamba na wachuuzi na hawampati. Mpango unaandikwa akiwa mzima: nikizidiwa mwiteni fulani, msinifunge, dawa hii hunidhuru, ngalawa yangu akae nayo mdogo wangu. Mtu akisha kuandika hivyo, hata siku asipojitambua, sauti yake ipo.

La pili: daktari mmoja, foleni ndefu, muda wa mazungumzo unatoka wapi? Ni kweli watumishi ni wachache na wamechoka, na hilo ni deni la serikali, sio la muuguzi wa zamu. Lakini hesabuni vizuri. Dakika kumi za maswali mnasema hamna. Mgonjwa akirudi amefungwa, siku za kulazwa mnazipata wapi? Rufaa ya kwenda Mirembe, Dodoma, zaidi ya kilomita 500 kutoka Kibiti, inalipwa na nani? Anayelipa ni bibi. Anauza mbuzi.

La tatu ndilo lenye uzito, nalikubali nusu. Kwamba familia nyingine ndizo zinazotesa. Zipo zinazomfunga mtu minyororo, zipo zinazotangaza fulani ni kichaa ili zirithi mikorosho yake angali hai. Kweli kabisa. Ndiyo maana sisemi familia iamue badala ya mgonjwa, hapo tutakuwa tumebadilisha bwana tu. Nasema mgonjwa kwanza, na yeye ndiye amtaje mlezi anayemwamini. Mjomba angemtaja bibi. Kuna wengine wangemtaja jirani, na hiyo ni haki yao.

Tena haya sio mambo ya Ulaya. Mwaka 1954 daktari Mnaijeria, Thomas Adeoye Lambo, alianzisha mpango pale Aro, Abeokuta, ambapo wagonjwa walikaa vijijini karibu na hospitali na kila mmoja alikuja na ndugu yake wa kumhudumia. Benchi la nje aliliingiza ndani, Nigeria ikiwa bado koloni. Na hapa kwetu watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani walijaribu mpango walioupa jina KUPAA, Muhimbili na Mbeya, wakiwaketisha pamoja wagonjwa na ndugu zao kujifunza ugonjwa na kutafuta suluhisho la matatizo ya nyumbani. Kwa hiyo mtu asiniambie Mtanzania hajazoea. Mtanzania hajaitwa.

Sasa zamu yetu, na hapa mtanisamehe. Tukibishana na watu wa chama tawala mtandaoni, komenti ya tatu lazima iseme "huyu apelekwe Milembe". Waziri akiropoka, chizi. Mbunge akihama chama, kapewa dawa za Milembe. Tunacheka, tunapeana moyo. Mjomba ana simu, makamanda. Anatusoma. Yeye ni mpiga kura wetu, mama yake ni mpiga kura wetu, na kila tukifanya ugonjwa wake kuwa tusi tunamwongezea sababu ya kutokwenda kituoni mchana watu wakimwona. Hatuwezi kudai serikali imsikilize mtu ambaye sisi wenyewe tumemgeuza kichekesho. Tuache. Matusi yapo mengi, tafuteni lingine.

Tukishaacha, tudai. Mimi nadai mambo manne, na nataka yaingie kwenye ilani yetu kwa maneno haya haya.

Moja, Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 ifanyiwe marekebisho, mgonjwa awe na haki ya kushiriki kuandika mpango wake wa matibabu, kupewa nakala yake, na kumtaja mlezi anayemtaka. Iwe haki anayoweza kuidai mahakamani, isiwe hisani ya muuguzi mwenye roho nzuri.

Mbili, kifungu cha 217 kifutwe.

Tatu, kwenye kila kamati ya usimamizi wa kituo cha afya kuwe na kiti cha mtu aliyepitia ugonjwa wa akili na kiti cha mlezi. Kamati hizi zipo tayari, hatuombi jengo jipya wala gari. Tunaomba viti viwili. Na wanapopanga mpango wa afya wa halmashauri, watu hao wawepo mezani kabla bajeti haijafungwa, sio kuletewa kusomewa.

Nne, mlezi ahesabiwe kuwa mfanyakazi wa afya asiyelipwa, maana ndivyo alivyo. Aelekezwe dalili, apewe namba ya kupiga usiku, na aulizwe na yeye analala saa ngapi.

Wakati tunasubiri Dodoma, kuna kazi ya kufanya wiki hii. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuandika barua kwa ofisi ya umma kuomba taarifa, na ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 30. Andikeni kwa mkurugenzi wa halmashauri yako: kwenye mpango wa afya wa mwaka huu afya ya akili imetengewa shilingi ngapi, na nani aliulizwa. Karatasi moja, nakala ubaki nayo. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Nendeni, nyoosheni mkono, ulizeni swali hilohilo mbele ya watu. Mkijibiwa, leteni majibu hapa tuyalinganishe. Msipojibiwa, leteni barua, sisi wa sheria tutajua pa kuzipeleka. Kuomba taarifa za mgonjwa yeyote marufuku, hizo ni zake. Tunaomba za pesa na za maamuzi.

Nilipokuwa nyumbani likizo iliyopita, bibi aliniita jikoni. "Mke mwenzangu," akasema, ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto, "huko chuoni mnasoma sheria zote?" Nikamwambia tunasoma nyingi. Akauliza, "Ipo inayosema mimi niingie ndani?"

Sikuwa na kifungu cha kumpa. Nilimwambia tutaiandika. Sasa msinifanye muongo kwa bibi yangu.